Mtoto Ametulia, Dokta

Kwa mnaoanza kunisoma leo, poleni. Kwa mnaonisoma tangu mwanzo, poleni zaidi, maana mnajua ninavyoweza kuharibu kitu kizima nikiwa nimekaa tu pembeni yake.

Niwakumbushe kidogo. Nafanya kazi kwenye kliniki ya meno. Daktari siye mimi. Mimi naosha koleo, nachemsha vyombo, nafuta damu kwenye kiti, kisha nasimama mlangoni naita, "Anayefuata!" Sare za wafanya usafi zilipoisha, daktari akanipa koti lake jeupe la zamani, lenye doa la wino mfukoni. Jioni nikarudi nalo nyumbani. Jirani mmoja akaniuliza jino lake linauma afanyeje. Nikamwambia asukutue maji ya chumvi. Likapoa. Kufikia Ijumaa mtaa mzima uliniita Dokta.

Sikumwambia mtu kwamba mimi ni daktari. Wala sikumwambia mtu kwamba mimi si daktari. Nilikaa hapo katikati, nikanenepa.

Wiki iliyopita mliniacha napiga pasi koti, niende kujitambulisha kwenye nyumba yenye geti la kijani, kwa binti wa pale, fundi cherehani. Wengi wenu mkaniandikia kunitakia heri. Msirudie tena tabia hiyo.

Kabla sijaingia hilo geti, kuna jambo nililiruka makusudi wiki zote hizi. Leo nalisema.

Pale kliniki kuna dawa ya ganzi ya kupaka. Nzito kama asali, rangi ya waridi, tamu ya stroberi, ili watoto wakubali kufungua midomo. Kopo kubwa likipitwa na tarehe, daktari huniambia, "Katupe hii." Nami kutupa kitu kizuri sikufundishwa kwetu. Nilikuwa naichota na kuitia kwenye vikopo vitupu vya mafuta ya midomo, vile vidogo vyenye picha ya stroberi kwenye kifuniko. Niliona vinaendana. Nilijiona mbunifu.

Sasa niwatambulishie wenye nyumba. Kuna Mama, mwalimu mstaafu, anayeongea na kila mtu kana kwamba kachelewa kipindi. Kuna Mzee, mumewe, karani wa posta mstaafu, mtu wa heshima zake, anayevaa tai hata akikaa kwenye kochi lake mwenyewe. Kuna mkwe wao, mke wa mtoto wao dereva wa malori ya masafa marefu. Huyu mkwe anafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, na ndiye mama wa watoto. Na kuna binti yao, fundi wangu wa cherehani.

Watoto ni wawili. Mdogo ana miezi kumi, wanamwita Bonge, na ukimbeba utajua kwa nini. Mkubwa ana miaka mitatu na nusu, wanamwita Kidomo. Kidomo anauliza maswali tangu anapofumbua macho mpaka anapoanguka usingizini, na hata usingizini huwa anamalizia swali la mwisho.

Bonge akaanza kuota meno. Analia asubuhi, analia mchana. Na katika nyumba ile kulikuwa na vita vya chini kwa chini: nani anajua kulea.

Wa kwanza kunifuata alikuwa mama mtoto. Alinisubiri kwenye kona ya ukuta.

"Dokta, nisaidie. Mtoto halali. Lakini Mama mkwe asijue, tafadhali. Atasema nimeshindwa kulea."

Nikampa kikopo. "Kiasi cha punje ya mchele," nikamwambia, "mara moja kwa siku." Hiyo punje ya mchele niliitoa kichwani mwangu wakati huohuo, mjue.

Siku mbili baadaye, Mama mwenyewe. "Kijana, njoo hapa. Nasikia una dawa. Mkwe wangu asijue, atasema namwingilia malezi yake. Mimi nimelea sita, sifundishwi."

Nikampa kikopo.

Wiki haijaisha, fundi wangu naye, kwa sauti ile inayonifanya nisahau jina langu. "Mpenzi, nipe na mimi. Wakiona Bonge anatulia mikononi mwangu, watajua niko tayari kuwa na nyumba yangu. Ila wasijue siri."

Mngenyima nyinyi? Nikampa kikopo.

Watu watatu, nyumba moja, mtoto mmoja, na kila mmoja kaniapisha nisimwambie mwenzake. Na aliyekubali viapo vyote vitatu ni mimi. Nilikuwa nikipita pale jioni nasikia, "Dokta, mtoto ametulia!" Anasema huyu, kisha anasema yule, kila mmoja kwa kunong'ona na kunikonyeza. Nilitembea mtaa ule kifua mbele.

Wa nne alikuwa Mzee. Alinivuta nyuma ya tangi la maji, akarekebisha tai.

"Ile dawa ya ganzi, mwanangu. Inafanya kazi mdomoni tu?"

"Kwa nini, Mzee?"

"Kuna mahali... Mtu akikaa sana kazini, miaka thelathini na moja juu ya kiti cha mbao cha serikali, kuna mahali panakasirika."

Nikaelewa. Nikataka kucheka, nikakohoa.

"Hili ni la wanaume," akasema. "Mke wangu akilijua, mtaa mzima umelijua. Ukinitunzia hili, mimi binti nitakupa. Neno langu."

Kwa Mzee sikutaka mchezo. Nilimchotea ile ya watu wazima, inayowekwa kabla ya sindano kubwa, kali kuliko ya watoto mara nyingi. Nayo ilikuwa tamu, ya chungwa. Vikopo vingine nilikuwa sina, nikaitia kwenye kilekile cha picha ya stroberi.

Na Kidomo alikuwa anaona yote, maana watu wazima husahau kuwa mtoto ana macho. Siku moja kanishika koti getini.

"Dokta, mbona mikono yako inanuka sabuni ya choo?"

"Ni usafi, mama."

"Daktari wa kweli ana ile ya kuweka masikioni. Yako iko wapi?"

"Nimeiacha kazini."

"Nipe na mimi kikopo. Mama anacho. Bibi anacho. Shangazi anacho. Na Babu anacho. Mimi tu sina."

"Hiyo ni dawa, siyo ya kula."

"Ni tamu. Nilimlamba Bonge kidole."

Nikacheka. Naomba mkumbuke hapo: nilicheka, nikampigapiga kichwani, nikaenda zangu.

Haya. Jumamosi ikafika. Saa nne asubuhi nimenyooka, koti linang'aa, viatu nimepaka rangi mpaka soli. Pembeni yangu kaka yangu mkubwa, aliyekuja kunisemea. Kabla hatujagonga, geti likafunguka lenyewe. Fundi wangu, uso umempauka.

"Afadhali umefika. Njoo umwone Bonge."

"Ana nini?"

"Hana kitu. Ametulia. Ila ametulia vibaya."

Ndani sebuleni Mama kampakata mtoto. Bonge wangu, yule mtoto wa kupiga mateke, kalegea kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Macho nusu wazi. Midomo ina rangi ya majivu. Kucha zake zilikuwa za bluu, na hapakuwa na baridi.

"Amelala," Mama akasema. "Meno yamempa nafuu."

"Mama, huyu hajalala!" mama mtoto akapaza sauti. "Nimempa ziwa mara tatu, hashiki!"

"Kwa sababu ameshiba."

"Ameshiba nini, Mama? Umempa nini?"

"Sijampa kitu! Wewe umempa nini?"

"Mimi? Sijampa kitu!"

"Wala mimi," fundi akadakia, kabla hajaulizwa na mtu.

Kisha wote wakanigeukia. "Dokta, mwangalie."

Wasomaji wangu, koti ni kitu kibaya. Badala ya kusema mkimbizeni hospitali, nikapiga goti. Nikamshika mtoto mkono. Nikatazama saa yangu kwa makini, na saa yenyewe ilikuwa imesimama tangu mwezi uliopita. Nikatikisa kichwa kama ninavyomwona daktari wetu akifanya.

"Mapigo yapo," nikasema.

Kaka yangu, ambaye ananijua tangu nakojoa kitandani, akaniinamia sikioni. "Mapigo yapo? We mjinga, mtoto ana rangi ya simenti. Tafuta gari."

Huyo ndiye daktari pekee aliyekuwapo pale chumbani.

Tukapata teksi. Wanawake watatu wakajazana nyuma na mtoto, mimi mbele. Kaka akabaki getini na zawadi tulizoleta mkononi. Mzee akabaki na Kidomo. Kidomo alisimama mlangoni, na gari likiondoka nikasikia, "Bonge anaenda kupigwa sindano? Ngapi? Kubwa?" Sauti yake ilitufuata mpaka tunakata kona.

Hospitali walimpokea mbiombio. Hawakuuliza kadi, hawakuuliza jina. Nesi aliona midomo tu, akapiga kelele. Daktari akatoka, binti mdogo, umri wa dada yangu wa mwisho, nywele kazifunga kwa mpira wa kufungia karatasi. Mtoto akawekewa hewa ya oksijeni usoni. Tukasubiri rangi irudi.

Haikurudi.

Daktari akavuta damu kidogo kwenye bomba la sindano. Akaipandisha kwenye mwanga. Nami nikaiona. Nimefuta damu za watu miaka sita, najua rangi yake. Hii haikuwa nyekundu. Ilikuwa kahawia, kama chai ya rangi iliyolala.

"Mtoto huyu amepewa dawa," daktari akasema. "Hewa anavuta, ila damu yake haiwezi kuibeba. Amepewa nini? Kwa ajili ya meno? Ya kupaka?"

Mama mtoto akavuta mkoba wake karibu.

"Nauliza kwa sababu nina muda mfupi sana. Amepewa nini, na kiasi gani?"

Mama akainua kidevu. "Kwetu hatuwapi watoto madawa ovyo."

Mama mtoto akatazama sakafu. Fundi akatazama dirisha. Kila mmoja aliogopa wenzake kuliko alivyoogopa kifo kilichosimama pale kitandani. Na mimi nilikuwa najua kila kitu, nimekaza mdomo. Nikajiambia, labda atagundua mwenyewe. Amesoma.

Fundi wangu ndiye aliyenimaliza, kwa upendo. "Daktari, muulize huyu. Naye ni daktari mwenzako. Ndiye anamwangalia mtoto."

Yule binti akanigeukia, akaniona na koti langu. Uso ukapata nuru. Alifurahi, maskini.

"Afadhali! Sema, mwenzangu. Ulimpa ya ganzi? Asilimia ngapi?"

Watatu wote wananitazama, na kila mmoja ananiomba kwa macho siri yake isitoke.

"Asilimia mia, daktari," nikasema. "Sikuchanganya na maji."

Nesi aliyekuwa anashika mrija akageuza kichwa polepole. Daktari hakucheka. Ningependa angecheka. Aliniangalia kuanzia kwenye doa la wino mpaka kwenye viatu.

"Wewe ni nani?"

Na hapo, jamani, nikaiona mikono ya Bonge. Ile mikono minene yenye vishimo kwenye vifundo. Ilikuwa imelala wazi pembeni yake, rangi ya jivu, haishiki kitu. Mimi ninayejua kuongea na mtaa mzima nikasikia sauti yangu inatoka kama ya mtu mwingine.

"Mimi naosha vyombo kliniki ya meno. Dawa nimeitoa kule, ya kutupwa. Ni ya ganzi, ya kupaka, ya watoto. Na sikuitoa mara moja. Nimetoa vikopo vitatu. Kila mmoja wao anacho."

"Kila mmoja wa nani?" Mama akauliza.

"Nyinyi, Mama. Nyinyi watatu."

Hapo ndipo mtu angelipa kiingilio. Daktari kanyoosha kiganja, hana muda wa kusikiliza hotuba. "Vitoeni. Sasa hivi."

Mama mtoto akafungua mkoba, chini ya nepi, akatoa kikopo. Mama akafungua kasha lake la miwani. Miwani haimo, kimo kikopo. Fundi wangu akatoa kile kipochi chake cha vifungo na pini, akachimba chimba, akatoa kikopo. Vikawekwa kwenye trei ya chuma, vimepangana, stroberi tatu zinatabasamu.

"Na wewe, Mama?" mama mtoto akasema.

"Na wewe?" Mama akamjibu. "Ulisema unampa uji tu!"

"Na wewe wifi?"

"Nilitaka kusaidia!"

"Kulumbana baadaye!" daktari akawakata. "Leo umempaka mara ngapi? Wewe."

"Mara moja. Alfajiri. Na... nyingine alipoamka."

"Wewe, Mama?"

"Mara mbili tu. Kiasi cha punje ya mchele." Akasita. Mwalimu ni mwalimu, uongo wa hesabu ulimshinda. "Punje kubwa. Mara tatu."

"Wewe dada?"

Fundi alikuwa ameshaanza kulia. "Kila alipokuwa anaanza kulia. Sikuhesabu."

Daktari hakumtukana mtu. Alimwambia nesi jina la dawa fulani, nesi akakimbia, viatu vinalia kwenye korido. Ikaja chupa ndogo yenye maji ya bluu, bluu kabisa, kama ya wino wa mhuri. Akamdunga Bonge kwenye mshipa, taratibu, macho kwenye saa ya ukutani. Saa ile ilikuwa inatembea.

Dakika tano. Mama aliyelea sita alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, midomo inacheza, anaomba. Mkwe wake akamwegemea begani bila kuangalia ni bega la nani. Mama hakumsukuma.

Dakika kumi. Nilidhani macho yangu yananidanganya. Midomo ikaanza kuacha ujivu. Kwanza zambarau, kisha kama waridi lililofifia. Kidole kimoja kikajikunja. Kisha Bonge akavuta pumzi, akakunja uso mzima, akaachia kilio.

Kilio gani hicho! Kilio cha mtoto mwenye meno yanayouma, mwenye njaa, mwenye sindano mkononi, aliyekasirika na dunia nzima. Siku zote nyumba ile walikuwa wanatafuta cha kukinyamazisha. Sasa wote watatu walikuwa wanacheka na kulia, na hakuna aliyemwambia nyamaza.

Nami nilikuwa nalia. Siwafichi. Kamasi mpaka kwenye kola.

Mama akajifuta uso, akanigeukia. Ile sauti ya darasani ikarudi.

"Vua hilo koti."

Nikavua.

"Likunje."

Nikalikunja.

"Liweke hapo chini. Na usinitazame."

Fundi wangu naye hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono yake, ile ya kutia uzi kwenye sindano mara moja bila kukosea. Nikajua uchumba wangu umekufa pale, kati ya kitanda na trei, na hakuna dawa ya bluu ya kuurudisha. Nilibaki na tumaini moja dogo, nalo nawaambia kwa aibu. Mzee. Mzee alinipa neno lake. Mzee bado alikuwa upande wangu.

Ndipo daktari akaandika kitu kwenye faili, akauliza bila kuinua uso:

"Nyumbani kuna mtoto mwingine?"

"Yupo dada yake," mama mtoto akasema. "Yuko na babu yake. Yule hana meno ya kuota, anayo yote, na anayatumia."

Wakacheka kidogo. Cheko la watu waliotoka kwenye shimo.

"Na dawa hii, vikopo ni hivi vitatu tu? Hakuna kingine kilichobaki nyumbani?"

"Hakuna," wakasema wote kwa pamoja.

Mimi sikusema kitu.

Naombeni mnisikilize hapa, wale mnaopenda kuniandikia kwamba mimi ni mtu mwema ila nina bahati mbaya. Nilijua kikopo cha nne kipo. Nilijua kina nini na kina nguvu kiasi gani. Nikafikiria: Mzee ni mtu mzima. Kakificha. Kidomo hatakiona. Nikisema, namvua nguo mzee wa watu mbele ya mkewe, na mlango wangu wa mwisho unafungwa. Nikafikiria hayo yote nimesimama na shati langu lililokwisha kola. Dakika moja hivi. Labda mbili.

Kisha nikasikia kwenye kichwa changu, wazi kabisa, kile kisauti cha getini. *Na Babu anacho. Mimi tu sina.*

"Daktari," nikasema. "Kuna cha nne."

Kalamu ikasimama.

"Anacho nani?" Mama akauliza.

"Mzee."

"Mzee wangu? Anaota meno?"

"Siyo ya meno, Mama. Ni ya... ya mahali pa kukalia."

Siku nyingine mngecheka mpaka mdondoke. Nesi mwenyewe aliuma mdomo. Lakini daktari alikuwa ameshanijia.

"Ni ileile?"

"Siyo. Ni ya watu wazima. Kali zaidi. Lakini nayo ni tamu, na kikopo ni kama hivi."

"Pigeni simu. Sasa hivi."

Mama akapiga, akaweka sauti ya wote wasikie, simu ikaita mara nyingi. Kisha Mzee, kwa utulivu wake wa posta.

"Ndiyo, mke wangu. Mjukuu anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Baba nanihii, kikopo chako kiko wapi?"

"Kikopo gani?"

"Mzee, ni mimi," nikaingilia. "Kile cha nyuma ya tangi."

Nilimsikia anarekebisha tai, naapa.

"Kijana, mke wangu yupo hapo?"

"Wapo wote, Mzee. Wanajua. Nisamehe. Kiko wapi?"

"Tulikubaliana," akasema taratibu. "Mimi na wewe tulikubaliana kiume."

"Baba!" fundi akapiga kelele. "Nenda kaangalie!"

Tukasikia kochi linalia. Hatua. Mlango wa chumbani. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wanavyosema, na pale tulisubiri kusikia kitamuumbua nani. Daktari alikuwa ameshasimama. Akamwashiria nesi kwa kidole, gari la wagonjwa, na nesi akatoka.

"Nimekiona," Mzee akasema. "Kiko palepale chini ya mto. Mmenitia hofu ya bure."

Mama mtoto akashusha pumzi, akaketi.

"Kifungue, Mzee," nikasema.

"Kimefunguka. Kifuniko chake hakipo." Tukasikia anakigonga kwa kucha. "Ajabu. Jana kilikuwa kimejaa. Leo kisafi, kana kwamba kimeoshwa."

Daktari akaichukua simu mkononi mwa Mama.

"Baba, mtoto yuko wapi?"

"Kidomo? Huyu msimwamshe, tafadhali. Yuko hapa sebuleni kwenye zulia. Alikuwa ananichekesha, ulimi wake umekuwa mzito kama wa mlevi. Tena tangu hapo hajaniuliza hata swali moja." Na Mzee akacheka, cheko la babu anayejivunia kazi yake. "Nimeweza na mimi, mwambieni mama yake. Ametulia kabisa."